Baiskeli za Mizigo na za Mbio katika Njia ya Nyakiriba

Barabara ya lami itokayo Musanze, Rwanda, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kupitia Nyakiriba hadi Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mzigo wake wa miaka mingi ni viazi mviringo, na chombo cha kuvibebea ni baiskeli ya chuma ya kilo 20 hivi: gia moja, magurudumu ya inchi 28, usukani wa juu, keria pana. Umbo hilo lilianzia Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na viwanda vya China na India vikalieneza.

Mchukuzi hufunga magunia kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu. Mlimani hushuka akasukuma, mkono mmoja usukanini, mwingine kwenye gunia. Wabebao abiria huitwa abanyonzi. Hao nao huhitaji keria imara kuliko mwendo.

Baiskeli ya mbio ilipata jina Rwanda baadaye. Mwaka 2005 alifika Tom Ritchey, mtengenezaji baiskeli wa Marekani, na baada yake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushindana katika Tour de France (1981), akaiongoza timu ya taifa. Mwaka 2009 mbio za Tour du Rwanda ziliingia katika kalenda ya kimataifa. Gasore Hategeka, wa Sashwara katika njia hiyohiyo, alikuwa mbeba viazi kabla ya kuwa mwanariadha wa timu hiyo. Mapafu na miguu yake vilikwisha kufunzwa na magunia.

Wepesi wa baiskeli ya mbio una faida ya kweli kwa asiye na mzigo. Mtu wa kilo 65 akiacha baiskeli ya kilo 20 na kupanda ya kilo 8, kazi ya kupanda mlima humpungukia karibu sehemu moja ya saba. Akiongeza kilo 100 za viazi, faida hiyo haifiki asilimia 7, na rimu nyembamba zenye spoki chache hazikuundwa kwa uzito huo.

Ritchey alibuni pia baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, yenye gia na keria iliyorefushwa. Ilikuwa jibu zuri kuliko baiskeli ya mbio, maana gia humwezesha mchukuzi kupanda bila kushuka. Lakini gia hutaka spea zake, ilhali ile ya chuma fundi wa kando ya barabara huitengeneza kwa spana, nyundo na kiraka.