Tulivyojifunza Kuuliza: Kikundi Chetu na Mkutano wa Kijiji



Miaka kumi si mchezo. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa wanawake kumi na watano chini ya mwembe, na wapo waliosema huu ni upatu tu, hautafika mwezi wa Ramadhani. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii wenzetu wamezieleza katika kurasa nyingine. Hapa tunaeleza jinsi wanawake wa kuweka akiba tulivyoingia katika maamuzi ya kijiji na ya halmashauri.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wazee wetu wa hapa pwani wanakumbuka mwaka 1972, Serikali ilipozivunja halmashauri za wilaya na kuanzisha Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuwasogezea watu madaraka. Lakini waliosogea walikuwa maofisa, na mwananchi akabaki pale pale alipokuwa, anangoja kuambiwa. Mwaka 1975 ikaja sheria ya vijiji, iliyoweka mkutano mkuu wa kijiji wa watu wazima wote. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikarudi.

Basi haki ya kusema ilikuwepo kwenye karatasi tangu siku nyingi. Mkutano mkuu unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya watu. Kumbe karatasi peke yake haisemi.

Mfano mzuri tuliuona papa hapa mkoani Tanga. Mwaka 1994 ilianza programu ya hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, kwa msaada wa Serikali ya Ireland na shirika la hifadhi la IUCN. Iligusa Pangani, Muheza na Tanga mjini. Wakati ule baruti zilikuwa zinalia baharini na matumbawe yanasagika. Wataalamu hawakuja na majibu mkononi, waliwauliza kwanza wenyeji. Watu wa Kipumbwi na Sange wakakubaliana na Serikali namna ya kutunza mikoko yao. Kwenye maeneo kama Mtang'ata na Boza-Sange vijiji vikakaa pamoja na maofisa wa wilaya, vikaamua miamba ipi ifungwe ili samaki wazaliane. Wavuvi wenyewe wakaingia kwenye doria.

Programu ile ilikwisha mwaka 2007. Miaka ile baruti zilirudi tena sehemu nyingi, na doria zinahitaji boti, mafuta na askari, vitu ambavyo kijiji hakiviwezi peke yake. Sisi tulipata funzo moja: mradi una mwisho, lakini mkutano wa kijiji hauna mwisho. Watu wakizoea kuulizwa na mradi tu, mradi ukiondoka wananyamaza.

Na sisi wanawake tulikuwa tumenyamaza kweli. Tuseme ukweli, kosa halikuwa la viongozi peke yao. Mkutano ulikuwa ukiitwa saa nne asubuhi. Siku za bamvua saa hiyo maji yamekupwa, na wengi wetu tupo baharini kwenye mwani. Wachache waliokwenda walikaa nyuma kabisa, na khanga mdomoni. Mambo yakishapita ndipo tunayasema kisimani. Wanaume wanarudi nyumbani wanatuambia, "Imeamuliwa," na siye tunabeba ndoo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa zahanati. Kijiji kiliamua kujenga, tukakubali. Kila nyumba ilitoa mchango, na wanawake tulibeba mchanga na maji mpaka vichwa vikauma. Kuta zikafika kwenye lenta, kazi ikasimama. Boma likakaa bila paa, mbuzi wakawa wanalala humo. Mwenzetu mmoja alijifungulia njiani, juu ya bodaboda, akipelekwa zahanati ya mbali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya msiba ule, siku ya kukutana hatukufungua sanduku haraka. Bibi mmoja, mwanachama wetu mkubwa kwa umri, aliuliza, "Jamani, siye hapa shilingi mia ikipotea hatulali. Hizi za boma ziko wapi?" Hakuna aliyejibu. Sanduku letu lina makufuli matatu na wenye funguo watatu. Kila wiki hesabu inasomwa kwa sauti, hata asiyejua kusoma anaijua kichwani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari letu tulikuwa tumeandika mchango wa boma wa kila mwanachama, kwa sababu wengine walikopa kwenye mfuko wa jamii ili watoe.

Tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa adabu. Tuliomba mambo mawili tu: mkutano uitwe alasiri, na mapato na matumizi ya boma yasomwe. La kwanza lilikubaliwa. La pili likaleta maneno. Ikasemwa wanawake wa sanduku wanataka kuipindua serikali ya kijiji. Ikasemwa tumetumwa na chama. Waume wengine waliwakataza wake zao, na wanachama wanne wakajitoa. Hatuwalaumu, kila mtu na nyumba yake. Wawili wamesharudi.

Siku ya mkutano tulikaa mbele. Katibu wetu akasimama na daftari, akasoma: fulani kiasi kadhaa, tarehe fulani. Hakumtukana mtu. Alipomaliza akasema, "Mzee mwenyekiti, hivi ndivyo vyetu. Tunaomba kusikia na vya kijiji." Wanaume nao wakaanza kupaza sauti kwamba wanataka kusikia. Hesabu ikasomwa mkutano uliofuata. Sehemu ilikuwa na stakabadhi, sehemu haikuwa nazo. Kiasi kililipwa, na kiasi hatujakiona mpaka leo. Lakini mkutano uliamua kwa kauli moja boma limaliziwe, muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa kata, na diwani akausimamia halmashauri. Ilichukua miaka miwili. Leo zahanati ina paa na muuguzi. Dawa bado hazitoshi, na hilo nalo tunaliuliza kila mkutano.

Tulipozoea kuuliza kijijini, tukaweza kuuliza na wilayani. Tangu mwaka 2018 sheria inataka halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tuliomba, na karatasi zetu zilikuwa zimeshafika mbali Serikali iliposimamisha mikopo hiyo nchi nzima Aprili 2023 ili utaratibu utengenezwe upya. Tulisikitika sana. Ila hatukulala, kila baada ya muda tulituma watu wawili kwenda kuulizia, mpaka mikopo ikarudishwa mwaka 2024. Fedha ile haikuwa sadaka. Ni ushuru wa samaki wetu na nazi zetu unaorudi.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu na mabinti mnaoingia sasa, msidhani kazi ya kikundi ni kugawana mwisho wa mwaka tu. Sheria inataka robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, au zaidi, wawe wanawake. Gombeeni. Msiogope kwamba elimu yenu ni ya msingi, na yetu ni hiyo hiyo. Anayeweza kulinda daftari la hisa anaweza kulisoma na daftari la kijiji.

Mkutano mkuu ukiitwa, nendeni na mkae mbele. Yule mtoto hatukumpa jina, lakini tunamkumbuka kila tukipita pale zahanati.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote