PICHA YA WATU WAWILI

Bila shaka mmekwisha kupigwa picha. Je, picha ile ni kazi ya nani? Ni ya yule aliyeshika kamera, au ni yako wewe uliyekaa mbele yake? Leo tutazame picha moja mashuhuri.

Picha hiyo ilipigwa Paris, Ufaransa, mwezi wa Agosti 1955. Mpiga picha alikuwa Mmarekani, Richard Avedon. Aliyepigwa alikuwa mwanamke wa New York, ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa nguo mpya ili watu wazione magazetini na kuzitamani. Jina lake la kazi lilitokana na herufi mbili mbili za mwanzo za majina yake: Dorothy, Virginia, Margaret. Someni: Do-vi-ma.

Walikwenda kwenye jumba la sarakasi lenye tembo. Tembo wale walifungwa minyororo miguuni. Dovima alivaa gauni refu jeusi la Dior, lenye kitambaa cheupe kiunoni. Avedon alichagua mahali, mwanga, na nukta ya kupiga. Lakini aliyesimama katikati ya tembo, akanyosha mikono bila kuonyesha hofu usoni, ni Dovima. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe.

Siku zile Dovima alilipwa dola 60 kwa saa, yaani dola 1 kila dakika. Zilikuwa fedha nyingi, lakini zilikuwa malipo ya saa tu. Picha ilibaki kwa Avedon. Baadaye kazi ile ilikwisha, na Dovima akawa mkaribishaji wa wageni katika mkahawa huko Florida. Alifariki mwaka 1990. Avedon alifariki mwaka 2004. Mwaka 2010 nakala kubwa ya picha ile iliuzwa mnadani Paris kwa yuro 841,000. Fedha zilikwenda kwa taasisi aliyoiacha Avedon.

Avedon hakumwibia mtu. Desturi ya kazi ilikuwa hivyo. Lakini wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Picha hii ililelewa na mikono miwili. Ilipokua, ikamtunza mmoja. Kwa hiyo, ndugu, mkifanya kazi na mwenzenu, ulizeni mapema: kazi ikiisha, itakuwa mali ya nani? Kisha andikeni jibu.

Maswali:
1. Avedon alifanya nini? Dovima alifanya nini?
2. Dovima akifanya kazi saa 5, atalipwa dola ngapi?
3. Andika herufi mbili za mwanzo za kila jina lako, kisha usome.
4. Zungumzeni darasani: Dovima alistahili fungu la fedha za mnada?