Mlango wa Chuo na Kijana wa Karagita

Msomaji, ukitoka mjini Naivasha ukaifuata barabara ya kusini mwa ziwa, hutakwenda mbali kabla ya kufika Karagita. Ni makazi ya watu wafanyao kazi katika mashamba ya maua, na alfajiri utawakuta kando ya njia wakingojea magari ya kuwapeleka kazini. Huko ndiko mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mama yake hukata mawaridi, aliponiuliza hivi: “Mwalimu, nikiomba nafasi ya kusoma uhusiano wa kimataifa katika chuo kikuu chenye jina, nitapata?”

Swali hili lina umri mkubwa kuliko mimi na yeye tukijumlishwa, na yafaa ulijue tangu lilikotoka.

Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 kilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na kwa muda mrefu kilikuwa mlango mmoja uliogombewa na vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Aliyefaulu kuingia alisifiwa kijiji kizima. Lakini katika miaka yake ya mwanzo masomo makubwa yalikuwa uganga, kilimo, mifugo na ualimu. Ubalozi haukuwamo. Sababu yake si ngumu kuifahamu: mambo ya Kenya na nchi za nje yaliamuliwa London, na serikali isiyokusudia kumtuma Mwafrika kuwa balozi haioni haja ya kumfundisha ubalozi.

Basi vijana walitafuta njia nyingine. Waliandika barua kwa vyuo vya Marekani, mmoja mmoja, kwa mkono, na wengi wakajibiwa kwa wema, wakapewa nafasi na hata msaada wa karo. Kilichowashinda ni nauli. Tom Mboya, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 na 1956, aliona kwamba nafasi isiyofikika ni sawa na kukosa nafasi. Akishirikiana na Dakta Gikonyo Kiano na wenzao, na kwa msaada wa Wamarekani kama vile Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walioomba michango kwa umma, alikodi ndege. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kwa kazi hiyo, na hadi mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki na nchi jirani walikuwa wamekwisha vuka bahari. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa waliokwenda mwaka 1960, katika chuo kidogo cha Kansas. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakupendezwa. Walisema kwamba vyuo vile ni hafifu, na kwamba waendao ni wale walioshindwa kuingia Makerere. Sitakuficha, msomaji: wengine walikuwa hivyo kweli. Lakini Makerere haikuwa ikipima akili yote ya nchi. Ilikuwa ikihesabu vitanda vyake.

Mtazame Robert Ouko, aliyezaliwa mwaka 1931 karibu na Kisumu. Alianza kwa kufundisha shule ya msingi. Mwaka 1955 alipata kazi ya mapato katika wilaya ya Kisii. Ilikuwa mwaka 1958, naye ana umri wa miaka 27, alipokwenda Addis Ababa kusoma. Akapata shahada mwaka 1962, ndipo akaingia Makerere kuchukua stashahada ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia. Mwaka 1979 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na alikuwa katika wadhifa huo kwa mara ya pili alipouawa mnamo Februari 1990. (Nampenda zaidi kwa sababu alikuwa mwalimu, nami sioni haya kusema hivyo.)

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na siku nne baadaye ikakaa katika Umoja wa Mataifa. Mabalozi walihitajika mara moja, nao waliofunzwa kazi hiyo walikuwa wachache. Mafunzo ya diplomasia yalianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zikafungua chuo chao cha diplomasia Kurasini, Dar es Salaam.

Siku hizi milango ni mingi, lakini vijana huipima vibaya. Kila mwaka hutangazwa alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyepokewa mwaka uliotangulia, kwa kila somo na kila chuo. Wengi huisoma kama sheria. Mimi nilifanya hivyo. Nilipungukiwa kidogo na alama ya chuo nilichokitamani, na kwa kuwa sikuwa nimeandika kingine chochote cha somo lile, nikajikuta katika chuo cha ualimu. Baadaye nilitambua kuwa alama ile ni habari ya mwaka uliopita tu: waombaji hodari wakizidi hupanda, wakipungua hushuka, na somo lile lile huweza kuwa na alama ya chini katika chuo kisichovuma.

Nilimwambia mwanafunzi wangu hayo yote. Yeye alinikumbusha jambo ambalo wazee wa Karagita hawajalisahau. Mwezi Oktoba 1, 2014, mapatano ya biashara na Ulaya yalipochelewa, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru huko hadi mwishoni mwa Desemba. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. “Mama hukata maua,” alisema, “lakini bei yake hukatwa mezani. Nataka kukaa kwenye meza hiyo.”

Tulijaza fomu pamoja. Aliandika kwanza chuo chenye jina. Kisha somo lile lile katika vyuo viwili ambavyo hakuna aliyevisifia mbele yake. Mwisho akaandika ualimu, akanitazama akacheka. Majibu hayajaja.