Vyaelea, Vimeundwa

Kulinganisha mwana na mwana hakukuzaliwa na simu. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani kumpima mzazi kwa arusi ya bintiye: masinia ya pilau, uzito wa dhahabu, na siku ambazo ngoma ilikesha. Katika Mombasa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Margaret Strobel ameyaeleza mashindano hayo katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alitumia kalamu yake kukemea israfu.

Hata hivyo mashindano hayo yalikuwa na mpaka. Mtaa ulioitazama dhahabu shingoni mwa bibi arusi ndio uliojua imeazimwa kwa nani. Jirani aliyesikia sifa za mtoto wa pili alikisikia pia kilio chake usiku, maana ukuta ulikuwa mmoja. Ngoma ilipokwisha, masufuria yalioshwa, na kila mama akabaki na mwanawe.

Simu imeuondoa ukuta huo. Facebook ilianza mwaka 2004, Instagram mwaka 2010. Hata mwaka 2021, Instagram ilipowaruhusu watumiaji wake kuficha idadi ya walioipenda picha, picha zenyewe zilibaki. Mama aliyeko Wete huona cheti cha mtoto aliyeko Toronto. Haoni homa, deni wala machozi yaliyokitangulia. Kisha mwanawe mwenyewe huingia na daftari mkononi, akapokewa na jicho lililokwisha jaa watoto wa watu. Mtoto hulijua jicho hilo, ajapokuwa hana neno la kuliita.

Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, naye ni mgonjwa. Yamo humo mambo ambayo wasomaji wa leo huyabishia, hasa utii wa mke kwa mume. Lakini lisilobishiwa ni kwamba maneno yale yaliambiwa binti mmoja, aliyeitwa asogee karibu na mamake. Mfano aliowekewa ulikuwa ndoa ya mama mwenyewe, si binti wa jirani. Baadaye utendi ulinakiliwa ukawafikia wengi. Ulianza kwa mmoja.

Kuacha kulinganisha, basi, si kuwachukia wenye kuonyesha, wala si lazima kuitupa simu. Ni kumrudishia mtoto jicho lake. Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa. Picha ya mwana wa mwenzio ni jahazi lililokwisha tanga. Mbao zilizopasuka na misumari iliyopinda hazionekani tena. Mzazi ambaye chombo chake kingali pwani kinaundwa, akishinda kutazama matanga ya watu, tezo yake hushika kutu.