Matope na Motokaa: Habari za Magari ya Njia Mbaya na Utunzaji Wake

Katika mwaka wa jubilei watu huhesabu majengo: kanisa lilijengwa lini, shule ilifunguliwa lini, kengele ililetwa na nani. Ni vema kufanya hivyo. Lakini viko vyombo vilivyochukua saruji ya makanisa, na vitabu vya shule, na wagonjwa wa vijiji vya mbali, ambavyo habari zake haziandikwi mara nyingi. Basi hapa twataka kueleza kwa kifupi habari za motokaa za njia mbaya, na sababu ya nyingine kuishi miaka mingi na nyingine kufa upesi, ingawa zilipita njia zile zile.

Hapo zamani safari zilikuwa za miguu. Wapagazi walichukua mizigo kichwani, na mgonjwa alichukuliwa kwa machela. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann alikufa kwa homa katika Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo leo Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha hospitali upesi. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alihuzunika sana. Mwaka 1927 akaanzisha katika Ujerumani chama kiitwacho MIVA, ili kuwapatia wamisionari motokaa, mashua za mtambo na eropleni. Nia yake ilikuwa mtu asife kwa kukosa chombo.

Motokaa nyingi za siku zile zilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Zilipofika katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, magurudumu yalizunguka bure na gari likazama. Vita Kuu ya pili ndiyo iliyoleta mabadiliko. Tangu mwaka 1941 viwanda vya Willys na Ford vya Marekani vilitengeneza Jeep zaidi ya 600,000, zenye nguvu katika magurudumu yote manne. Baada ya vita, Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitumia Jeep shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akaona kwamba Uingereza nayo yaweza kufanya gari la namna ile. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Wajapani wa Toyota walitengeneza lao mwaka 1951, na tangu 1954 likaitwa Land Cruiser.

Tuitazame Land Rover ile, maana ina fundisho. Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, bali aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na fremu ya chini ikafanywa kwa chuma, nayo ina uwazi ndani. Watu wengi walioona bodi haina kutu walidhani gari lote ni zima. Kumbe matope yaliingia ndani ya fremu, yakakaa humo na unyevu wake, na kutu ikala chuma kwa siri. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji, aluminiamu yenyewe huliwa na kuwa unga mweupe. Hata siku moja fremu hukatika njiani, na mgonjwa yumo garini.

Nguvu ya matope ilijulikana mbele ya watu wote katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1968 zilianza 93, zikamaliza 7 tena. Na motokaa zile zilingojewa njiani na mafundi. Motokaa ya parokia haina mafundi wa kuingojea. Ina dereva, taniboi na ndoo ya maji. Kwa hiyo uzima wake hutegemea kazi inayofanywa jioni, safari ikiisha.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza, matope yaoshwe yangali mabichi, maana yakikauka huwa kama tofali. Ianzwe chini: fremu, springi na ekseli, kisha ndani ya rimu, kwa kuwa bonge moja la udongo lililoganda upande mmoja wa gurudumu hutikisa usukani. Rejeta ioshwe kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini, ili uchafu utoke ulikoingia. Ikizibwa, injini huchemka. Katika ekseli ya mbele ya Land Rover za zamani mna tufe za chuma laini. Matope yaliyokauka juu yake hukwaruza chuma na kurarua sili, na oili huvuja.

Breki zitazamwe sana. Dramu zikiingia mchanga, lainingi huliwa upesi. Na zikilowa hazishiki. Dereva mwangalifu, akiisha kuvuka maji, huenda polepole na kukanyaga breki mara kadha wa kadha mpaka zikauke. Tena ekseli yenye moto ikiingia katika maji baridi huvuta maji ndani. Oili ikionekana nyeupe kama maziwa, imwagwe na kutiwa mpya. Mwisho, grisi ipigwe katika viungo vya propela mpaka maji na uchafu vitoke.

Zamani madereva wengi waliingiza motokaa mtoni ili kuiosha. Desturi hiyo haifai. Oili na grisi huharibu maji ya kunywa ya walio chini ya mto. Afadhali maji yachotwe, na gari lioshwe mahali pa changarawe, mbali na kisima.

Kiwanda cha Solihull kilimaliza kutengeneza Land Rover za umbo lile la kale mwezi wa Januari 2016. Hata hivyo nyingine zenye umri mkubwa zaendelea kutembea, kwa sababu zilipata watu wa kuziosha. Majina ya wafadhili walioleta magari huandikwa katika vitabu vya jubilei. Majina ya mataniboi waliolala chini ya gari usiku wakikwangua udongo kwa kijiti hayaandikwi.

Basi, enyi walimu na wazee wa parokia, yafaa mambo mawili. La kwanza, ulizeni wazee majina ya watu hao, yaandikwe kungali mapema. La pili, gari likirudi kutoka safari ya masika, lisiachwe mpaka kesho. Huenda kesho usiku mtu akabisha mlango, akisema yuko mama anayejifungua kwa shida ng'ambo ya mto.