Kioo Mbele ya Kioo

Ukienda kununua lenzi ya kamera, muuzaji hakuachi uondoke hivi hivi. Atakutolea kijioo cha mviringo chenye ukingo wa chuma na kukuambia: chukua na hii filta, ni ya kinga. Je, kijioo hicho kina faida, au muuzaji anatafuta chake tu? Wapiga picha wamebishana juu ya jambo hili miaka nenda miaka rudi, na aghalabu kila mmoja hutetea mazoea yake. Tuiulize historia.

Filta haikuzaliwa kuwa mlinzi. Katika karne ya 19 picha zilipigwa kwenye mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa, na dawa hiyo ilikuwa na upofu wa rangi. Iliona buluu na miale ya urujuanimno; nyekundu haikuiona kabisa. Matokeo yake mbingu ilitoka nyeupe tupu, hata siku yenye mawingu ya kupendeza. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukitia rangi fulani katika dawa, bamba huanza kuona na kijani. Ndipo filta ya manjano ikapata kazi: kuipunguza buluu ili mawingu yaonekane. Baadaye ikaja filta isiyo na rangi, ya kuzuia urujuanimno, iliyopendwa na waliopiga picha milimani na baharini, ambako miale hiyo hutia utusitusi katika filamu.

Wazo la kinga lilipitia mlango mwingine. Miaka ya 1890 Mwingereza Harold Dennis Taylor aliona ajabu: lenzi kuukuu zilizofifia kwa uchakavu zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Kioo kitupu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, na ule utando wa uchakavu ulipunguza hasara hiyo. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata njia ya kuuweka utando kwa makusudi, na Wajerumani wakaifanya siri ya kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea kwenye kamera za raia. Lakini tando nyingi za mwanzo zilikuwa laini: ukifuta lenzi kwa pindo la shati, unafuta na utando. Wakati huo, kwa maoni yangu, mwenye kuweka filta alikuwa na akili timamu.

Leo tando ni ngumu, na kamera za dijitali zina kioo chao ndani kinachozuia sehemu kubwa ya urujuanimno. Kilichobaki ni chumvi, mchanga na vidole vya watoto. Si haba. Mpiga picha anayengoja wateja ufukweni Mombasa hupigwa na upepo wa chumvi kutwa. Akipangusa mara ishirini kwa siku, heri apanguse kioo cha bei nafuu.

Harusini usiku mambo ni mengine. Mwanga wa taa kali hupenya lenzi, hudunda na kurudi hadi kwenye filta iliyo bapa, kisha hurushwa ndani tena. Picha hutoka na taa za mzimu upande wa pili, pengine juu ya uso wa bibi harusi, na keki haikatwi mara mbili. Hapo filta ivuliwe, na badala yake lenzi ivishwe ule mdomo wa plastiki wa kukinga jua, ambao hata lenzi ikianguka hupokea pigo vizuri zaidi. Filta ni kioo chembamba; ikivunjika, vipande vyake huweza kuikwaruza lenzi ile ile iliyowekwa kuilinda.

Ama kuvu, adui mkubwa wa lenzi hapa pwani, hana habari na filta. Huota ndani, kwa unyevu. Mwenye kufungia kamera katika mkoba wa ngozi kabatini msimu wote wa masika atakuja kuta nyuzi zake zimetanda katikati ya vioo, na filta huko juu inang'aa kama siku iliponunuliwa.