Kimondo cha mawe na chuma
(nm ki-/vi-, wingi: vimondo vya mawe na chuma)

Kimondo chenye mchanganyiko wa chuma, nikeli na madini ya mawe kwa viwango vinavyokaribiana. Ni adimu: takriban 1% ya vimondo vinavyoonekana vikianguka. Kuna makundi mawili. Palasiti, yenye jina linalotokana na Peter Simon Pallas, ina fuwele za olivini ndani ya chuma. Hudhaniwa kuwa chuma kilichoyeyuka kilipenya mawe katika asteroidi. Mesosideriti ina pirokseni na plajioklasi, mawe yaliyopondeka na kushikamana na chuma asteroidi zilipogongana.

Matumizi: Kimondo cha Sericho, kilichotambuliwa nchini Kenya mwaka 2016, ni palasiti. Kile cha Mbozi, Tanzania, ni cha chuma, hivyo hakistahili jina hili.